Vyuma na urembo wa meno kwa madaktari wawili: mambo ya kuzingatia kabla

Kama anayekunyoosha meno siye atakayekuwekea vinia, yaani ganda jembamba linalogandishwa mbele ya jino, wewe ndiye tarishi wao. Usidhani watapigiana simu.

Yaliyo wazi kwanza. Matundu yazibwe, ukoga uliogandamana ukwanguliwe, fizi zinazotoka damu zitibiwe, ndipo vyuma vibandikwe. Omba nakala za eksirei na skani, faili lenyewe, si karatasi. Una kofia ya kauri au vinia ya zamani? Sema mapema: kauri huandaliwa kwa namna yake ili gundi ishike, na siku ya kubandua inaweza kumeguka. Kipandikizi, yaani jino bandia lililopandikizwa kwenye mfupa, hakisogezwi na vyuma, kwa hiyo mara nyingi hungoja meno yafike mahali pake. Kwa kijana, hungoja pia amalize kukua.

Sasa suala la nafasi, na hapa ndipo watu huumia. Chukua mtu ambaye meno yake mawili ya juu, yanayofuata yale ya kati, ni madogo na yamechongoka kama vigingi. Jino hilo kwa kawaida lina upana wa milimita 6 hadi 7. Lake lina 4.5. Daktari wa kunyoosha asipoambiwa kitu atafunga mianya yote, maana ndiyo kazi aliyopewa. Vyuma vinatoka, mgonjwa anakwenda kwa wa vinia akichekelea. Huyu anapima, anapima tena: hakuna pa kuongeza hata nusu milimita. Zinabaki njia tatu chungu: kukwangua meno mazima ya jirani, kuacha vigingi vilivyo, au kurudi kwenye vyuma.

Basi miezi michache kabla ya kuvitoa, nenda kwa wa vinia vyuma vikiwa bado mdomoni. Apime, atengeneze mfano wa nta, aandike kwa namba: jino la juu kulia, nafasi ya milimita 0.5 upande wa katikati ya mdomo, 1.5 upande wa chonge. Mwenzake afungue nafasi hiyo kwa springi na aishikilie. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kubandua chuma cha jino hilo tu, kulijenga kwa komposi (ile resini ya rangi ya jino), kukibandika tena, kisha kufunga mwanya uliobaki. Waangalie pia meno ya chini yanagonga wapi. Yakiigonga vinia kwa nguvu, itapasuka hata kama nafasi ilipimwa vizuri.

Kung'arisha ni baada ya vyuma na kabla ya vinia, kwa kuwa kauri haing'ariki. Ngoja kama wiki mbili kabla ya kugandisha chochote: oksijeni inayobaki ndani ya jino hudhoofisha gundi, na rangi nayo bado haijatulia.

Riteina, kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka, vaa siku ileile vyuma vinapotoka. Jino likishaongezwa umbo, hiyo haitaingia tena, kwa hiyo vipimo vya mpya vichukuliwe siku kazi inapokamilika. Wiki chache bila kitu zinaweza kuurudisha mwanya. Waya uliogandishwa nyuma ya meno ukibanduka upande mmoja, usikae nao, jino litazunguka kimyakimya. Nani ataurudisha, na kwa gharama ya nani? Waandike hilo kabla hujalipa awamu ya kwanza. Na jino lolote lisichongwe kabla wote wawili hawajauona mfano uleule wa nta.