Jinsi ya kujua Harley ya zamani ni ya mwaka gani kwa kuitazama tu

Wadau wa Mtwara, msimu wa korosho ukifunguka mnajua wenyewe, Boxer na TVS mpya kila kona ya Chikongola, na kwenye magrupu ndo picha za mapikipiki ya zamani ya Kimarekani, hasa Harley-Davidson, zinaanza kurushwa, kila mtu anataja mwaka wake. Ngoja niwape njia ya kuzisoma, maana zinasomeka kabisa.

Kwanza achana na tenki na rangi. Tenki linabadilishwa, rangi inapigwa hata kesho. Angalia injini, juu kabisa kwenye hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda. Ukikuta kuko bapa, mapezi ya kupozea na plagi tu, hakuna kava la valvu, hiyo ni Flathead, valvu zake ziko ubavuni mwa silinda. Ndo injini ya WLA, Harley ya jeshi ya vita ya pili, cc 740 hivi, ambayo baada ya vita ziliuzwa bei chee, vijana wa Marekani wakazinunua wakazivua kila kinachovulika ziwe nyepesi.

Ukiona upande wa kulia nati mbili kubwa zimetokeza kama vifundo vya ngumi, Knucklehead hiyo, 1936 mpaka 1947, na kwangu mimi hakuna injini nzuri kuitazama kuliko hii. Kava pana lililo laini juu ya hedi ya alumini ni Panhead, 1948 mpaka 1965. Shovelhead ikafuata 1966, ikaenda mpaka 1984.

Sasa Panhead ndo tamu kuisoma maana walikuwa wanaiongezea kitu kidogo kidogo. Mbele ikiwa na springi zinazoonekana nje ni ya 1948, shokapu za mbele za mafuta zikaja 1949. Gia ya mguu ikaanza 1952, kabla ya hapo gia unaingiza kwa mkono pembeni ya tenki na klachi unakanyaga kwa mguu, hebu fikiria hiyo kwenye foleni ya sokoni. Shokapu za nyuma 1958, stata ya umeme 1965. Ila uwe makini, spea zinahamishwa, usiamue kwa kitu kimoja, unganisha vyote.

Indian isikuchanganye, hiyo ni kampuni nyingine, ilianza 1901 kule Springfield, Massachusetts, miaka miwili kabla ya Harley ya Milwaukee. Modeli yake ya Chief, za kuanzia 1940, utazijua kwa madigadi makubwa yaliyoshuka mpaka kufunika nusu ya tairi, na nyingi mafuta unavuta kwa mkono wa kushoto. Kiwanda kilisimamisha uzalishaji 1953, inauma kweli.

Kama ni video, sikiliza. Silinda mbili za Harley zimekaa V ya digrii 45 na konrodi zote mbili, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, zinashika pini moja ya kranki, kwa hiyo haziwaki kwa kupishana sawa, moja inawaka baada ya kranki kuzunguka digrii 315, nyingine baada ya 405, ndo maana mlio unakuwa kama unasita halafu unakimbilia. Watu wanazipenda mpaka leo kwa hilo, na kwa sababu kila kitu kiko wazi, fundi wetu wa hapa aliyekulia kwenye Honda za zamani akipewa spana anaifuata mwenyewe, hakuna kompyuta.

Mwisho namba. Harley za kabla ya 1970 namba yake imegongwa kwenye injini upande wa kushoto, tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, herufi zinazofuata ni modeli, mfano 58FL ni ya 1958. Mtu akikuuzia mtandaoni mwambie atume picha ya karibu ya hapo, uangalie kama chuma hakijapigwa msasa na namba hazijapindapinda, na kama mwaka unaendana na hedi na shokapu ulizoziona. Haviendani? Usitume hela.