Makala ya utafiti kuhusu vitamini: namna ya kuiandaa na kuiwasilisha

Makala nyingi za vitamini hurudishwa na mhariri kabla hazijamfikia mhakiki hata mmoja, na mara nyingi tatizo si lugha. Tatizo ni kwamba mtu akimaliza kusoma bado hajui mambo mawili: washiriki walimeza nini hasa, na maabara ilipima nini hasa. Mawili hayo yakiwa wazi, kasoro nyingine nyingi hurekebishika. Yakiwa na ukungu, hata mjadala mzuri namna gani hauiokoi kazi. Ndiyo maana hapa tunakaa sana kwenye vipimo, na kupita haraka kwenye yale ambayo kila jarida limeshayaeleza katika maelekezo yake kwa waandishi.

Kabla ya kuandika

Jaribio linalowagawa washiriki kwa nasibu na kuwapa vitamini lazima lisajiliwe kwenye rejista ya wazi kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Majarida yanayofuata mapendekezo ya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba) yalianza kudai hivyo mwaka 2005. Kusajili baada ya data kukusanywa hakuzibi pengo, kwa sababu wahariri hulinganisha tarehe. Hulinganisha pia tokeo kuu ulilosajili na lile uliloliweka mbele kwenye ikisiri. Kama ulisajili kiwango cha 25-hidroksivitamini D (umbo la vitamini D linalopimwa kujua akiba ya mwili) katika damu, kisha ikisiri ikafungua na nguvu za misuli kwa kuwa huko ndiko namba zilikopendeza, utaulizwa. Mapitio ya utaratibu nayo husajiliwa mapema, kwa kawaida kwenye rejista ya PROSPERO.

Kisha chukua orodha hakiki inayolingana na utafiti wako: CONSORT kwa majaribio (toleo jipya ni la 2025), STROBE kwa tafiti za kuangalia bila kuingilia, PRISMA 2020 kwa mapitio ya utaratibu. Wa epidemiolojia ya lishe waongeze STROBE-nut ya 2016, ambayo iliongeza mapendekezo 24 kuhusu mambo kama namna ulaji ulivyopimwa na jedwali la virutubishi lililotumika. Ijaze unapoandika sehemu ya mbinu. Wengi huijaza usiku wa kuwasilisha, wakaweka namba za kurasa ambazo ukizifungua hukuti kinachodaiwa kuwepo.

Walimeza nini

Neno "vitamini D" peke yake halitoshi. Andika umbo la kikemia: kolekalsiferoli (D3) au ergokalsiferoli (D2), asidi foliki au methilifoleti, sianokobalamini au hidroksokobalamini. Kwa dozi ileile, D3 kwa kawaida hupandisha kiwango cha vitamini D katika damu zaidi kuliko D2, kwa hiyo msomaji asiyejua umbo hawezi kulinganisha kazi yako na nyingine. Fuatisha dozi, mara ngapi kwa siku au wiki, kwa muda gani, pamoja na chakula au tumbo likiwa tupu, na namna ulivyohakikisha watu wamemeza kweli.

Jambo linalosahaulika mno ni kupima vidonge vyenyewe. Watengenezaji huzidisha kidogo kiasi cha vitamini ili kisishuke chini ya lebo kabla tarehe ya mwisho haijafika. Dozi ya kwenye lebo na dozi iliyoingia mdomoni huenda zisiwe sawa. Peleka vidonge vichache maabara mwanzoni na mwishoni mwa jaribio, uandike matokeo.

Vizio vya kimataifa (IU) ndivyo vinavyozaa makosa mengi. Toa kila kitu kwa uzito, na kizio cha kimataifa kifuate kama jarida linakitaka:

- Vitamini D: mikrogramu 1 ni vizio 40. Vizio 2,000 ni mikrogramu 50.
- Vitamini A: mikrogramu 1 ya retinoli inalingana na mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula, lakini na mikrogramu 2 tu za beta-karotini ya nyongeza iliyo ndani ya mafuta. Kizio 1 cha retinoli ni mikrogramu 0.3.
- Vitamini E: kizio 1 cha alfa-tokoferoli asilia ni miligramu 0.67, cha iliyotengenezwa kiwandani kinahesabiwa miligramu 0.45. Usipotaja chanzo, msomaji hawezi kugeuza namba yako.
- Foleti: asidi foliki hufyonzwa vizuri kuliko foleti ya chakula. Mikrogramu 400 za asidi foliki zikimezwa pamoja na chakula zinalingana na takribani mikrogramu 670 za foleti ya chakula. Zikimezwa tumbo likiwa tupu, 800. Usijumlishe asidi foliki na foleti ya chakula bila kugeuza kwanza.

Plasebo, yaani kidonge kisicho na vitamini inayojaribiwa, nayo ielezwe. Riboflavini hugeuza mkojo kuwa wa manjano iliyokoza, na asidi nikotiniki huleta wekundu na joto usoni. Mshiriki hujijua yuko kundi gani ndani ya siku moja. Kama kidonge chako kina riboflavini, eleza ulivyolinda usiri wa makundi. Baadhi ya watafiti huweka kiasi kidogo cha riboflavini kwenye plasebo. Halafu, mwishoni mwa jaribio, waulize washiriki wanadhani walipewa nini, na majibu yao uyaweke kwenye jedwali.

Maabara ilipima nini

Chukua safu ya jedwali iliyoandikwa "Vitamini D, wastani: 30". Kama ni nanogramu kwa mililita, hiyo ni nanomoli 75 kwa lita, na hakuna wa kuhangaika. Kama ni nanomoli kwa lita, ni nanogramu 12 kwa mililita, na kundi kwa wastani liko kwenye mpaka wa upungufu. Namba ni ileile, hitimisho ni kinyume kabisa. Kigeuzi ni 2.5, kwa usahihi zaidi 2.496. Taja pia kitu kilichopimwa: karibu kila mara ni 25-hidroksivitamini D, si 1,25-dihidroksivitamini D, ambayo haionyeshi akiba ya mwili.

Jina la kifaa halijibu swali la usahihi. Taja mbinu (kromatografia ya kimiminika yenye spektrometri ya masi, au kipimo cha kingamwili), tofauti kwa asilimia kati ya vipimo vilivyorudiwa vya sampuli ileile, na kama maabara inashiriki mpango wa nje wa ubora. Kwa vitamini D unaojulikana zaidi ni DEQAS. Kama vipimo vya kingamwili vinatumia bayotini (vitamini B7) na streptavidini (protini inayoinasa), waulize washiriki kama wanameza bayotini. Dozi kubwa huvuruga vipimo hivyo, na mwaka 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu hatari hiyo. Katika vipimo vya ushindani (ambamo vitamini ya sampuli hushindana na ile iliyowekwa na maabara), kama vingi vya B12 na foleti, jibu huja juu kuliko ukweli, na mwenye upungufu anaonekana mzima.

Safari ya sampuli kutoka mkononi hadi friza iandikwe kwa dakika na nyuzijoto. Vitamini C huharibika haraka. Bila asidi ya kuituliza, kama asidi metafosforiki, na ubaridi wa nyuzi 70 chini ya sifuri au zaidi, unachopima ni mabaki. Retinoli na karotini hufichwa zisipate mwanga. Kwa foleti, angalia rangi ya seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda): chembe nyekundu za damu zina foleti nyingi kuliko seramu, kwa hiyo chembe zikipasuka seramu inakuwa nyekundu na foleti inapanda kwa uongo. Sampuli hiyo hutupwa, na idadi ya zilizotupwa huandikwa.

Retinoli ina mtego wake. Mtu akiwa na maambukizi, retinoli ya seramu hushuka hata kama ini lake lina akiba ya kutosha, kwa sababu protini inayoibeba hupungua. Ukitangaza kiwango cha upungufu kwa kuhesabu walio chini ya mikromoli 0.70 kwa lita bila kupima CRP na AGP (protini za damu zinazopanda mtu akiwa na maambukizi), huenda nusu ya habari yako ni ya maambukizi, si ya lishe. Pima zote mbili, onyesha wangapi wana CRP zaidi ya miligramu 5 kwa lita au AGP zaidi ya gramu 1 kwa lita, na toa matokeo kabla na baada ya kusahihisha.

Kwa vitamini D, msimu na latitudo si mapambo. Damu ikitolewa kundi moja wakati wa jua na jingine wakati wa baridi, tofauti unayoiona inaweza kuwa ya anga tu.

Ulaji

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuhesabu walio chini ya RDA (kiwango cha ulaji kinachopendekezwa kwa siku) na kuwaita wenye upungufu. RDA imewekwa juu makusudi, itoshe asilimia 97 hadi 98 ya watu wazima kiafya. Kwa kundi, linganisha na EAR, yaani wastani wa mahitaji. Mfano: kwa vigezo vya Marekani na Kanada, EAR ya vitamini C kwa mwanamume mtu mzima ni miligramu 75 na RDA ni 90. Mwanamume anayekula miligramu 80 kila siku yuko chini ya RDA, lakini ukitumia EAR hahesabiwi kati ya wanaokosa. Ukiwa na mamia ya watu kama huyo, asilimia yako ya upungufu inavimba bila sababu. Tena, ulaji mdogo si sawa na upungufu mwilini; sema "ulaji usiotosha" mpaka damu ithibitishe.

Mahojiano ya saa 24 (kumwuliza mtu alichokula siku iliyopita) ya siku moja hayaonyeshi ulaji wa kawaida wa mtu. Vitamini A ndiyo mbaya zaidi: siku moja mtu kala maini, ikapanda mara kumi, siku ya pili haipo kabisa. Rudia mahojiano angalau kwa sehemu ya washiriki, siku zisizofuatana, kisha tumia mbinu ya takwimu inayoondoa mabadiliko ya siku kwa siku. Dodoso la mara za ulaji (linalouliza mtu hula kila chakula mara ngapi) lazima liwe limethibitishwa kwa watu wanaofanana na wako. Taja jedwali la virutubishi, toleo na mwaka, na kama thamani ni za chakula kibichi au kilichopikwa. Vitamini C na foleti hutoka na maji ya kuchemshia. Mwisho, rekebisha kwa nishati: anayekula sana hupata zaidi ya kila kitu.

Matokeo na mjadala

Anza na hali ya washiriki kabla ya jaribio. Ukiwapa vitamini watu ambao tayari wanayo ya kutosha na usione badiliko, umeonyesha kwamba wao hawakuhitaji zaidi, na makala iseme hivyo hivyo.

Ukipima uhusiano wa vitamini 12 na ugonjwa mmoja kwa kikomo cha p cha 0.05, uwezekano wa angalau moja kuonekana na maana ya kitakwimu kwa bahati tu ni karibu asilimia 46, kama vipimo havitegemeani. Onyesha vyote 12.

Na chunga vitenzi. Utafiti wa kuangalia huonyesha kwamba ulaji "unahusiana na" hatari ndogo. Neno "hupunguza" ni la majaribio. Beta-karotini ilitoa somo hilo kwa gharama ya afya za watu. Tafiti za kuangalia zilikuwa zimeihusisha na saratani chache za mapafu, lakini jaribio la ATBC la Finland, lililochapishwa 1994 na kuhusisha wanaume 29,133 wavutaji sigara, karibu nusu yao wakipewa miligramu 20 za beta-karotini kwa siku, lilikuta saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliopewa.

Kuwasilisha

Chagua jarida kwa kusoma makala zake tano za karibuni. Kama zote ni majaribio ya binadamu na yako ni ya panya, tafuta kwingine. Jarida lisilokujulikana likikuahidi uamuzi wa siku tatu kwa malipo, lipitishe kwenye maswali ya Think. Check. Submit. (tovuti ya kusaidia kukagua majarida) na ulitafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji wazi, kama ni la aina hiyo. Wasilisha kwenye jarida moja tu kwa wakati.

Barua kwa mhariri isizidi ukurasa: swali lilikuwa nini, tokeo kuu ni lipi pamoja na namba yake, na kwa nini wasomaji wa jarida hilo wanalihitaji. Usinakili ikisiri.

Waandishi wote watimize masharti manne ya ICMJE ya kuitwa mwandishi. Aliyechukua damu za washiriki tu anashukuriwa, haorodheshwi, na programu ya akili bandia haiwezi kuwa mwandishi. Kama kampuni ilitoa vidonge bure, liandike hilo kwenye mgongano wa maslahi, hata kama haikuligusa jedwali lolote. Wahakiki huvumilia ufadhili uliotajwa. Uliofichwa ukigundulika, makala inaweza kufutwa.

Maoni ya wahakiki yakija, nakili kila hoja, andika jibu chini yake, taja ukurasa na mstari ulipobadilisha. Pale mhakiki amekosea, mjibu kwa data. Pale hakuelewa, sentensi yako ndiyo ibadilike, kwani msomaji mwingine atajikwaa palepale.

Baada ya kukubaliwa itakuja nakala ya kusahihisha, mara nyingi ukiwa na siku mbili tu. Anza na majedwali. Fonti inapobadilishwa, alama ya "µ" inaweza kugeuka "m", na mikrogramu 400 za asidi foliki zikawa miligramu 400, mara elfu moja zaidi. Tafuta kila "mg" ndani ya faili, moja baada ya nyingine, uilinganishe na nakala uliyowasilisha, na umwombe mwandishi mwenzako afanye vivyo hivyo bila kuangalia alama zako.