Viza ya Schengen kwa kongamano la roboti: anza na barua, si tiketi

ROSCon, kongamano kuu la watumiaji wa ROS (programu huria za kuundia na kuendeshea roboti), huhama kila mwaka: 2022 lilikuwa Kyoto, 2023 New Orleans, 2024 Odense nchini Denmark, 2025 Singapore. Ujerumani na Ufaransa nazo zina ROSCon zao ndogo. Hapa naeleza njia ya Ulaya, yaani viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya muda mfupi), kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya.

Ufadhili kwanza. ROSCon huwa na nafasi za ufadhili kwa makundi yenye uwakilishi mdogo katika fani hii. Maombi hufungwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo ukisubiri ratiba ya mihadhara itoke, umeshachelewa.

Ukishajisajili, omba barua ya mwaliko. Jina liwe lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mimi nilijisajili kwa jina ninalotumia mtandaoni, barua ikaja na jina hilohilo, nikapoteza siku tisa kuomba irekebishwe. Pasipoti yenyewe iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa mbili tupu, na itaishi angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen.

Viza unaiomba kwa nchi unayokwenda, si ile unayobadilishia ndege. Ukipitia Amsterdam kwenda Odense, ombi ni la Denmark. Dirisha la maombi hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari na hufungwa siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ila unaweza kufika 45. Miadi nayo hujaa, hivyo mimi ningeanza miezi mitatu kabla.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, inayofanya kazi Schengen nzima. Tiketi usiilipe bado. Shikilia nafasi tu.

Sasa taarifa ya benki, ambako wengi hukwama. Afisa wa viza huisoma kama wewe unavyosoma logi (kumbukumbu ya matukio) ya roboti iliyogonga ukuta: anatafuta mstari usioeleweka. Akaunti iliyokuwa na laki mbili mwezi mzima, kisha milioni nane zikaingia Jumanne na Ijumaa ukapeleka maombi, hiyo inajieleza yenyewe. Kama ni mjomba aliyekuchangia, usifiche. Ambatisha barua yake na taarifa ya benki yake, useme wazi analipia nini.

Aliyeajiriwa alete barua ya likizo yenye cheo, mshahara na siku ya kurudi kazini. Mwanafunzi, barua ya chuo. Unayejiajiri una kazi zaidi: TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara kama unayo, na mikataba ya wateja wanaokusubiri ukirudi.

Halafu andika barua yako mwenyewe, ukurasa mmoja, bila mbwembwe: "Nitahudhuria kongamano la siku tatu. Nitafika siku moja kabla na kuondoka siku moja baada. Kiingilio na malazi vimelipwa na waandaaji. Nauli nalipa mwenyewe." Kisha tandaza karatasi zote mezani, ulinganishe tarehe moja moja. Barua ya likizo ikisema unarudi kazini Jumatatu wakati ndege inatua Jumatano, utaulizwa.

Siku ya miadi utachukuliwa alama za vidole, isipokuwa kama ulishazitoa kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita. Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, jibu kwa sentensi mbili. Ramani ya leza ya roboti yako haimhusu. Ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu iliyowekewa alama. Unaweza kukata rufaa, au kurekebisha kasoro hiyo na kuomba upya.

Na kama unakwenda na roboti, betri za akiba za lithiamu hazipakiwi chini ya ndege, zinakaa kwenye mzigo wa mkononi. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 11.1 na ampea-saa (Ah) 5 ni wati-saa (Wh) 55.5, iko chini ya kikomo cha 100. Ikiwa kati ya 100 na 160, omba kibali cha shirika la ndege mapema. Ncha zifunge kwa tepu ya umeme kabla hujatoka nyumbani.