Sponji chini ya mfuniko, fyuzi hazihami

Kisanduku chenye vyumba vya kutunzia vipande vidogo kama fyuzi na skrubu kikirushwarushwa kwenye gari la kazi, fyuzi za ampea 3 huishia kwa za ampea 13, maana kati ya mfuniko na kingo za vizigeu vinavyotenga vyumba hubaki upenyo mdogo. Kata sponji itoshee mfuniko kwa ndani, ibandike kwa tepu ya pande mbili. Unene wake uwe sawa na upenyo huo, uongeze milimita 2 au 3: ukifunga, ibonyee na kuziba kila chumba juu. Usizidishe; klipu za mfuniko zikilazimishwa hukatika, na hapo utaokota skrubu sakafuni.

Chagua sponji ya mikeka ya mazoezi, kwa kuwa hainyonyi maji. Ile laini ya magodoro hutunza unyevu, teminali za shaba zikaota ukijani na skrubu kutu, tena baada ya muda joto la gari huifanya imeng'enyeke na kuacha unga kwenye vipande vyako.

Mambo mawili hayatibiki hivi. Chumba kisichojaa bado kitagonganisha vitu ndani yake, kwa hiyo fyuzi za kioo ziongezee kipande cha sponji juu yake. Na bodi za elektroniki zisiguse sponji ya kawaida kabisa, kwani msuguano huzalisha umemetuli (umeme unaojikusanya juu ya vitu) unaoweza kuziua bila alama yoyote ya nje. Ziache kwenye mifuko yake ya kuzuia umemetuli.