SOMO: Perege mwenye vidonge vya manjano, tibu bwawa

Kila mara mtu anarusha picha ya perege mwenye vidonge vya manjano, yaani vivimbe vidogo mwilini, anaomba dawa. Nachoka. Vile vidonge ni minyoo bapa wachanga. Wakubwa wao wanakaa kooni mwa korongo na yangeyange. Mayai yanaangukia majini, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinazaana humo, kisha vinatoka kumtafuta samaki. Mwondoe konokono.

1. Vua samaki wote, toa maji.

2. Ng'oa majani. Geuza jani moja uone: mayai ya konokono ni utelezi uliogandana chini yake. Usiyaache ukingoni, mvua itayarudisha.

3. Chokaa. Wengi wanaharibu hapa. Konokono hujizika topeni akangojea maji, kwa hiyo nyunyiza tope likingali bichi, kwenye madimbwi na kingo hasa. Iwe chokaa ya kuchomwa, ya tanuri. Ile ya kilimo ya mawe yaliyosagwa haimuui. Kilo 1 hadi 1 na nusu kwa mita 10 za mraba. INAUNGUZA MACHO: miwani, glavu, na upepo uwe mgongoni.

4. Acha tope likauke mpaka lipasuke.

5. Jaza maji kwa kuyachuja. Vifaranga baada ya wiki 2, na pH (kipimo cha ukali wa maji) isizidi 9.

6. Tandaza nyuzi juu, ndege wasitue.

MASUALI

MfugajiWete: Nimemwaga chokaa, samaki wanaelea. Nifanyeje?
– Soma namba 1.

Mkoani_B: Walaji je?
– Pika mpaka nyama iive barabara, minyoo wanakufa. Mbichi usiguse.

BintiKonde: Samahani kaka, ndiye konokono wa kichocho?
– Umeuliza la maana, dada. Kichocho cha mkojo huku kwetu kinapitia konokono aina ya Bulinus, naye hupenda maji kama haya. Samaki hakuambukizi, kijidudu kinapenya ngozi ukiwa majini. Namba 2 ifanye na mabuti. Na ile niklosamidi ya kuulia konokono usiitie bwawani, inaua na samaki.

MfugajiWete: Kwa hiyo dawa ya samaki hakuna?
– Nimeshasema: mwondoe konokono.

Juma_Mikoko: Mie nafuga samaki mwatiko, maji ya chumvi.
– Konokono hawa hawayawezi, lala usingizi.

BintiKonde: Juma, vifaranga vya mwatiko unapata wapi?
Juma_Mikoko: Tunawavua wenyewe maji yakijaa, njoo na chandarua chenye matundu madogo.