Somo: Kuchanganya aina mbili za chembe kwenye plazma yenye vumbi

Wadau, plazma yenye vumbi ni gesi iliyopitishiwa umeme, yenye chembe ndogo ngumu zinazoelea ndani yake. Ukimwaga tu aina ya pili ya chembe juu ya ile ya kwanza, hupati mchanganyiko. Unapata matabaka mawili, moja juu ya jingine. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye karatasi.

Hatua ya 1: Hesabu. Chembe huelea pale nguvu ya umeme inapolingana na uzito wake. Chaji (umeme ambao chembe huupata ndani ya plazma) huongezeka kadiri ya kipenyo, ilhali uzito huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Ili zikae kimo kimoja, zidisha densiti kwa kipenyo cha kipeo cha pili. Majibu ya aina zote mbili yalingane. Melamini-fomaldehidi (aina ya plastiki, hapa chini naiita melamini) ina densiti ya 1.51 g/cm³, silika 1.85 hivi. Melamini ikiwa ya mikromita 10, tafuta silika ya 9. Hatua hii usiiruke hata kidogo.

Hatua ya 2: Vuta hewa yote kwenye chemba, ingiza gesi ya agoni kwa shinikizo la paskali chache, washa umeme wa 13.56 MHz kwa nguvu ndogo.

Hatua ya 3: Nyunyiza aina ya kwanza, ikitulia nyunyiza ya pili. Zimulike kwa mwale bapa wa leza uliosimama wima. Ndio utakaokuonyesha kama vimo vimelingana. Chembe zilizogandana mbilimbili huelea chini zaidi. Punguza umeme ule uliouwasha taratibu, zitadondoka zenyewe.

Hatua ya 4: Ili uzitofautishe, aina moja iwe imetiwa rodamini B, rangi inayong'aa ikimulikwa na leza. Kamera moja ione zote, ya pili ifungwe kichujio kinachopitisha mng'ao wa rodamini peke yake.

MASWALI

*Mwalimu, vimo vililingana vizuri, baadaye vikaachana. Kwa nini?*
Plazma huila melamini polepole, nayo ikipungua uzito hupanda. Silika haiguswi sana. Mimi napenda kulitumia hilo: anza na melamini nzito kidogo, isubiri ipande hadi ikutane na silika, rekodi hapo hapo.

*Na kusiko na uzito, hesabu hii inahitajika?*
Hapana. Huko msukumo wa ioni (atomi za gesi zenye chaji zinazotiririka) na nguvu ya umeme ndivyo vinavyoamua, na aina hujitenga zenyewe. Kwenye kituo cha anga cha kimataifa, chembe za mikromita 3.4 zilipoingizwa katika wingu la chembe za 9.2, zilipenya kwa kujipanga misururu. Matokeo yalichapishwa 2009.

*Nikipunguza sana shinikizo la gesi?*
Msuguano unapungua, chembe zinatikisika, mpangilio wao unavurugika. Rudisha gesi kidogo, usubiri.