Sufuria Moja ya Maharage kwa Wiki ya Kazi: Namna ya Kupika Chakula Bora cha Familia Nyumbani

Kinachomshinda mpishi wa nyumbani katika siku za kazi mara nyingi si kujua chakula kipi kinafaa, bali ni muda. Mtu anayeingia nyumbani saa moja usiku na kukuta watoto wanasubiri hawezi kubandika maharage makavu jikoni wakati huo akategemea kula kabla ya saa nne, na ndiyo maana jioni nyingi huishia kwa chipsi za kibandani au chai na mkate. Mwongozo huu unafuata njia moja tu: maharage ya siku kadhaa yachemshwe kwa pamoja siku ya mapumziko na kuhifadhiwe bila kuungwa, ili kila jioni ibaki kazi ya nusu saa hivi, yaani kusonga ugali au kupika wali, kuunga maharage ya siku hiyo, na kupika mboga za majani. Vipimo vilivyomo ni vya familia ya watu 5 au 6.

Maharage yamepewa nafasi ya kwanza kwa sababu yanaijazia nafaka pale inapopungukiwa. Mahindi na mchele yana protini, lakini yana upungufu wa laisini, ambayo ni mojawapo ya sehemu za protini ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yanayo kwa wingi. Ugali kwa maharage, wali kwa maharage na makande ni vyakula ambavyo bibi zetu walivipanga vizuri bila kupimiwa chochote maabara. Zaidi ya hayo, maharage yana madini ya chuma na nyuzinyuzi, na katika masoko yetu kilo moja kwa kawaida ni rahisi kuliko kilo ya nyama.

Kuchagua, kuloweka na kuchemsha

Nunua maharage ya msimu wa karibuni. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu hukataa kuiva hata yakitokoswa nusu siku, na muuzaji mwaminifu ukimuuliza atakwambia yapi ni mapya. Aina ya njano na ile ya kablanketi huiva upesi na kutoa mchuzi mzito, kwa hiyo zinafaa kwa kazi hii. Pima kilo moja, yapepete kwenye ungo, ondoa mawe, punje zilizotobolewa na wadudu na zile zilizokunjamana au kuota ukungu, kisha yaoshe na kuyaloweka katika lita 3 za maji usiku kucha, au kwa saa 8 angalau.

Asubuhi mwaga maji hayo yote. Wapo wanaoona kwamba kuyamwaga ni kumwaga utamu, lakini maji ya kulowekea ndiyo yaliyobeba sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni, na kidogo kinachopotea pamoja nayo si cha kuhuzunikia. Tia maji mapya yanayozidi maharage kwa upana wa vidole vitatu, bandika sufuria jikoni, na uhakikishe kwamba yanachemka kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Jambo hili lisipuuzwe, hasa kwa maharage mekundu, kwa kuwa maharage mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, nayo huvunjwa na mchemko mkali. Moto mdogo tangu mwanzo haitoshi kuivunja. Baada ya hapo funika, acha yatokote taratibu, na maji yakipungua ongeza maji ya moto ili mchemko usikatike.

Maharage yaliyolowekwa huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu kwenye jiko la kawaida, na katika sufuria ya presha dakika 20 hivi hutosha. Wanaoishi nyanda za juu watahitaji muda zaidi, kwa maana mjini Mbeya, ulioko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi, wala si 100 kama Dar es Salaam. Huko sufuria ya presha ni msaada wa kweli na si anasa.

Mambo matatu yasitiwe katika sufuria hii. La kwanza ni nyanya, ndimu au kitu chochote kichachu, kwa sababu uchachu huzuia ganda la maharage kulainika. La pili ni magadi, ambayo hulainisha kweli lakini huharibu vitamini B1. Ukiloweka vizuri hutayahitaji. La tatu ni chumvi, na sababu yake ni nyingine: madini joto yaliyomo katika chumvi hupungua kwa mchemko mrefu, kwa hiyo chumvi hutiwa mwishoni, siku ya kuunga.

Kilo moja ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo mbili yaliyoiva. Yakishapoa, yagawe pamoja na mchuzi wake katika vyombo vinne vyenye mifuniko, kila chombo kwa mlo mmoja. Viwili viweke kwenye jokofu vitumike ndani ya siku tatu, na viwili vigandishwe. Asiye na jokofu asiige mpango huu mzima: achemshe robo kilo au nusu kilo tu, ale jioni hiyo hiyo, na kilichobaki akichemshe hadi kitokote usiku na tena asubuhi, bila kukichovya kijiko kilichotumika, kisha kiishe mchana wake. Povu na harufu ya kuchacha ni ishara ya kumwaga, wala kuongeza tangawizi hakuponyi kitu.

Jioni nne

Jioni ya kwanza yaunge kwa nazi. Kaanga kitunguu kikubwa kimoja kwa vijiko viwili vya chakula vya mafuta, tia vitunguu swaumu vilivyopondwa na nyanya tatu, acha nyanya zivunjike kabisa, kisha mimina maharage na kikombe kimoja cha tui jepesi. Tui zito si lazima, na mwenye kujali mafuta atabaki na lile jepesi kwa sehemu kubwa ya wiki. Koroga kwa upawa ukiponda punje chache pembeni mwa sufuria ili mchuzi ushike, tia chumvi, na uepue baada ya dakika 10.

Jioni ya pili yapike pamoja na ndizi mbichi, kama wanavyofanya Wahaya wa Kagera: ndizi zilizomenywa huchemshwa katika sufuria moja na maharage, kitunguu, nyanya na kijiko cha mafuta mpaka zilainike. Hiki ni chakula cha sufuria moja, hakihitaji ugali wala wali, na kwa maoni yangu ndicho kinachomfaa zaidi mpishi aliyechoka. Kama ndizi ni ghali, viazi vitamu vinachukua nafasi yake bila ugomvi, na viazi lishe vyenye rangi ya chungwa vinaongeza vitamini A.

Jioni ya tatu ni ya makande, ikiwa mahindi yaliyokobolewa yalichemshwa siku ile ile ya maharage katika sufuria yake. Jioni ya nne ponda maharage yote, yakaange na kitunguu, karoti iliyokwanguliwa na pilipili hoho, na yaliwe kwa chapati za unga wa ngano usiokobolewa. Kiasi kidogo cha rojo hili, kikiondolewa kabla ya kutia chumvi na kulainishwa vizuri, kinafaa kwa mtoto aliyevuka miezi sita na kuanza chakula cha nyongeza.

Jioni zilizobaki ni za samaki, mayai au dagaa. Dagaa wakavu hubeba kalsiamu nyingi kwa kuwa huliwa na mifupa yao, na wanaowachukia aghalabu wamelishwa mchanga. Wachambue, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au zaidi hadi maji yatulie bila mchanga chini ya beseni, wakaushe, kisha wakaange kwa mafuta machache mpaka wakauke ndipo utie kitunguu, nyanya nyingi na ndimu.

Mboga za majani

Hapa ndipo wapishi hodari huharibu kazi yao. Mchicha, matembele, majani ya maboga na sukuma wiki vina vitamini C inayoyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto mrefu. Kwa sababu hiyo majani huoshwa yakiwa mazima, ndipo yakatwe, na hukatwa muda mfupi kabla ya kupikwa. Kukata kwanza na kuosha baadaye, au kuyafikicha kwa chumvi na kuyakamua, ni kumwagia karo kile ulichokilipia sokoni. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani, funika kwa dakika 3 hadi 5, geuza mara moja na uepue yangali kijani. Mafuta kidogo yanahitajika, maana kiini cha vitamini A kilichomo katika majani hufyonzwa vizuri zaidi na mwili pakiwapo mafuta. Karanga zilizosagwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Kisamvu hakimo katika sheria hii. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, hivyo ni lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa ili sumu itoke. Asiye na kinu wala mashine ya kusaga kisamvu na apike mchicha.

Weka ndimu au chungwa mezani, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma cha maharage na majani. Chai hufanya kinyume chake. Desturi ya kuteremshia ugali kwa chai ya rangi inapendwa sana, lakini ni vema chai isubiri saa moja hivi baada ya chakula, hasa kwa mjamzito na kwa watoto.

Unga, mafuta na chumvi

Unga wa dona una virutubisho vingi kuliko sembe kwa sababu kiini na pumba havijaondolewa, ila mafuta ya kiini huufanya uchache upesi, basi saga kidogo kidogo. Hatari kubwa zaidi ni sumukuvu, inayotokana na ukungu katika mahindi na karanga. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana nayo, na kupika hakuiondoi. Chambua mahindi kabla ya kwenda mashineni, tupa punje zilizobadilika rangi, na usiwape hata kuku.

Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu, kwa maana mkono wa mtu mwenye haraka ni mzito. Vijiko viwili au vitatu vya chakula vinatosha kwa sufuria moja ya familia, yawe ya alizeti au mengine. Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa ile iliyomo katika mkate, dagaa na viungo vya pakiti. Vile vidonge vya kuongeza ladha ni chumvi kwa sehemu kubwa. Ukivitumia usitie chumvi nyingine, ingawa maharage yaliyoungwa kwa vitunguu swaumu na nyanya zilizoiva hayavihitaji hata kidogo.

Kupakua

Chakula kinaweza kupikwa vizuri kisha kikaharibikia wakati wa kupakua. Katika nyumba nyingi minofu huenda kwa wakubwa, na watoto hubaki na mlima wa ugali na mchuzi mwepesi, ilhali wao ndio wanaokua. Pakua kwanza mboga za majani na maharage, zichukue nusu ya sahani au zaidi, kisha ugali au wali ufuate. Mtoto mdogo apewe sahani yake, kwa sababu kwenye sinia la pamoja mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba na mama hushindwa kujua nani amekula nini.

Likibaki tonge la ugali hakuna shida kubwa, ila kiporo cha wali kinahitaji uangalifu ambao wengi hawana. Wali uliopikwa na kuachwa sufuriani usiku kucha katika joto la kawaida huota bakteria wanaotengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto hadi utoe mvuke. Anayetaka kiporo cha asubuhi autandaze wali kwenye chombo kipana upoe haraka, auingize kwenye jokofu kabla saa mbili hazijapita tangu kuepuliwa, na aupashe mara moja tu, kile kiasi kitakacholiwa. Nyumba isiyo na jokofu ipike wali wa kuisha jioni ile ile, na asubuhi wanywe uji.